Mwenye Munyu, Uko Wapi? Wimbo wa Bibi kama Kumbukumbu ya Familia

Mwezi wa Desemba mwaka juzi ukoo wetu ulikutana kijijini, wilayani Luweero, kuondoa matanga ya babu yangu mzaa baba. Kwetu Buganda shughuli hii huitwa okwabya olumbe. Siku hiyo mrithi wa marehemu huvishwa gome la mti na kukabidhiwa mkuki, na wana na wajukuu hujulishwa mbele ya wazee. Ilipofika zamu yangu nilipiga magoti, nikajitambulisha kama nilivyofundishwa tangu utotoni: mimi ni fulani, binti wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Nilipanda jina kwa jina, baba kwa baba, mpaka nikamfikia Mugema, mkuu wa ukoo wa Nkima, ambao mwiko wao ni kima. Wazee walipiga makofi. Mmoja akasema kwamba siku hizi ni nadra kumpata msichana wa chuo kikuu anayeweza kupanda hivyo bila kujikwaa.

Bibi yangu, ambaye sisi humwita jjajja, alikuwa ameketi mkekani pamoja na wajane wengine. Nilipokwenda kuketi kando yake alininong'oneza, "Umepanda vizuri, mjukuu wangu. Nimesikiliza majina yote, langu sikulisikia." Alicheka kidogo, halafu akaongeza, "Na mwenye munyu je? Naye sikumsikia."

Kwamba jina lake halimo nilijua, ingawa sikuwahi kuliwaza. Huyo mwenye munyu sikumjua kabisa.

Insha hii ni jaribio la kuyajibu maswali hayo mawili ya jjajja. Nitaeleza kwanza namna Waganda wanavyotunza kumbukumbu ya ukoo kwa kukariri nasaba. Kisha nitautazama Utendi wa Mwana Kupona, ambao sote tuliosoma fasihi ya Kiswahili tumekutana nao, kwa sababu ndio ulionifungua macho. Mwisho nitaueleza wimbo mmoja wa jjajja ambao haujapata kuandikwa popote. Hoja yangu ni kwamba utungo wa familia hukumbuka kile ambacho mtungaji alikihitaji siku alipotunga. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama utungo huo unasema kweli, mwanahistoria aulize ulitungwa ufanye kazi gani.

Okulanya: ngazi ya akina baba

Kitendo nilichokifanya siku ile huitwa okulanya. Ukoo wa Kiganda umepangwa kama makazi ya mtu. Juu kabisa pana akasolya, yaani kilele cha paa, ambako ndiko kwa mkuu wa ukoo. Chini yake pana essiga, neno ambalo ni ndugu wa figa la Kiswahili. Kisha unakuja omutuba, mti unaotoa gome la kuvaa, halafu olunyiriri, yaani mstari, halafu oluggya, yaani ua, na mwisho enju, yaani nyumba. Mtu akilanya huanzia nyumbani kwake, akapita uani, akapanda hadi paani.

Kukariri huku si pambo la sherehe. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, kwa hiyo siku ya posa kila upande hutaka kujua mwenzake anatoka mlango gani. Marehemu huzikwa katika ardhi ya ukoo, kwa hiyo lazima ijulikane ni wa wapi. Urithi nao hufuata mlango huohuo. Aliyeshindwa kulanya zamani aliweza kuambiwa kwamba hana kwao. Ngazi hii ina kazi, na kwa kuwa ina kazi imedumu.

Lakini ngazi huhesabu vipago vilivyokanyagwa tu. Watu wa aina mbili hawamo. Wa kwanza ni wake walioolewa. Jjajja ni wa ukoo wa Ffumbe, ambao mkuu wao ni Walusimbi. Amekaa katika ukoo wetu kwa zaidi ya miaka hamsini, amezaa humo, amelima humo, lakini bado ni wa Walusimbi. Hata siku atakayofariki, mrithi wake atatoka upande wa ndugu zake, maana sisi watoto na wajukuu zake ni wa ukoo mwingine. Wa pili ni waliokufa bila kuzaa. Hao hawakuacha mtu wa kupanda juu yao, kwa hiyo kizazi cha pili au cha tatu kikipita hawatajwi tena.

Ipo nyumba moja ambamo akina mama wanakumbukwa, nayo ni nyumba ya Kabaka. Kinyume na raia, watoto wa kifalme walihesabiwa kwa mwiko wa mama zao, ndiyo maana kila ukoo ulitamani binti yake azae mfalme. Apolo Kagwa, aliyekuwa katikiro wa Buganda, alipochapisha historia ya wafalme mwaka 1901 hakuweza kuwaandika bila kuwaandika na mama zao na koo walizotoka. Mama hao hawakukumbukwa kwa sababu walipendwa kuliko mama wengine. Walikumbukwa kwa sababu jina la mama lilionyesha ni ukoo gani ulikuwa karibu na kiti. Pale jina la mwanamke lilipokuwa na kazi katika siasa, lilihifadhiwa kwa karne nyingi. Pale lisipokuwa na kazi, liliondoka na wajukuu.

Usia wa mama wa Siyu

Nilipokuwa mwaka wa pili tulisoma Utendi wa Mwana Kupona. Darasani mjadala ulihusu wajibu wa mke kwa mume, na wasichana wengi tulitoka tumekunja nyuso. Baada ya swali la jjajja niliurudia nikiwa na haja nyingine.

Mwana Kupona binti Msham aliishi katika visiwa vya Lamu. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mtu aliyejulikana kwa kukataa kuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalipigana na watu wa Siyu na kupata hasara kubwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa usia. Haukupita muda mrefu naye akafariki. Utenzi huo uliandikwa kwa hati za Kiarabu, ukapita mikononi mwa watu, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapisha kama kitabu.

Msomaji anayevitafuta vita vya Siyu ndani ya utenzi huo atatoka mikono mitupu. Mumewe alikuwa adui wa dola kubwa kuliko zote katika pwani ile, lakini katika beti hizo tunamkuta Bwana Mataka mume tu, mtu aliyeishi na mkewe kwa wema na kuagana naye kwa radhi. Mwanahistoria wa siasa ataona kwamba pana pengo. Mimi naona kwamba pana haja. Mama huyu hakuwa akiandika tarikhi ya Siyu. Alikuwa na binti ambaye karibuni angebaki bila baba wala mama, katika mji ambao mlinzi wake alikuwa amekufa. Alimwita binti akae karibu, alete wino na karatasi, akampa kile alichoona kingemlinda: adabu, dua, na mfano wa ndoa moja iliyokwenda vizuri. Kumbukumbu ya baba imo kwa kadiri inavyomfaa binti, haizidi hapo.

Tena Mwana Kupona hakuacha utenzi wake uelee bila mwenyewe. Mwishoni anamwelekeza msomaji kwa mtungaji na kutaja tarehe ya kutunga kwa mwaka wa Hijra. Leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, sisi tusio na undugu wowote na Siyu tunamjua yeye na binti yake kwa majina. Sina hakika kama ngazi ya akina baba peke yake ingetufikisha kwao.

Si akina mama peke yao waliotunga kwa haja kama hiyo. Shaaban Robert aliwatungia watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe, na shairi lake la kumlilia mkewe Amina linajulikana na kila mwanafunzi. Naye hakuandika wasifu wa familia. Aliandika kile ambacho mtoto angekihitaji wakati baba hayupo. Tukizisoma tungo hizi zote pamoja tunaona kwamba kumbukumbu ya familia huja ikiwa imebebwa na kitu kingine: usia, dua, maombolezo. Atakayekitupa kile kilichobeba, ataitupa na kumbukumbu.

Wimbo wa jjajja

Wiki moja baada ya matanga nilimuuliza jjajja, "Mwenye munyu ni nani?" Tulikuwa tunamenya matoke. Hakunijibu kwa maelezo, aliimba. Sauti ilikuwa ya chini sana, karibu na kunong'ona, na nilidhani ni kwa sababu ya uzee. Baadaye nilielewa kwamba wimbo wenyewe huimbwa hivyo.

Kabla sijauweka hapa sina budi kueleza wakati wake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, Yoweri Museveni na wenzake waliingia msituni kupigana na serikali. Tarehe 6 Februari 1981 walishambulia kambi ya Kabamba, na vita vilivyofuata vilipiganwa zaidi katika eneo la kaskazini na kaskazini magharibi ya Kampala ambalo historia inalijua kwa jina la Pembetatu ya Luweero. Vilimalizika Januari 1986 Kampala ilipotekwa. Kati ya miaka hiyo wanakijiji wengi wa Luweero waliacha nyumba na mibuni yao. Wengine walikusanywa makambini, wengine walijificha porini. Waliporudi walikuta mifupa mashambani, na hadi leo katika wilaya hiyo yapo makaburi ya pamoja yaliyojengewa.

Mwaka 1983 babu alikuwa Kampala kikazi na barabara ilikuwa imefungwa. Jjajja aliondoka nyumbani usiku na watu saba. Walitembea usiku na kulala mchana vichakani. Gizani hakuweza kuwaona, na kumwita mtu kwa jina lake ilikuwa hatari kwa sababu sauti hufika mbali. Akampa kila mmoja jina la kitu alichobeba, akawa anawahesabu kwa wimbo. Kila aliyetajwa alipaswa kujibu kwa namna yake bila kusema. Nimeutafsiri hivi:

Mwenye moto, tangulia, usiuache uzimike.
Mwenye mkeka, mfuate, mwendo wako ni wa pole.
Mwenye jembe, usiburute, jembe lina sauti.
Mwenye kibuyu, usikimbie, maji yana sauti.
Mwenye mbuzi, mshike mdomo.
Mwenye munyu, uko wapi?
Mwenye mgongo, lala, lala.
Saba. Wa nane ni mimi, niko nyuma.

Mwenye moto alikuwa shangazi yangu mkubwa, aliyebeba makaa ndani ya chungu chenye majivu. Mwenye mkeka alikuwa mama yake babu, mzee tayari. Mwenye jembe ni baba yangu mkubwa. Mwenye kibuyu ni shangazi yangu wa pili. Mwenye mbuzi alikuwa mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake hawakuonekana asubuhi ile. Alikaa nao hadi vita vilipokwisha, kisha ndugu zake wakaja kumchukua. Mwenye mgongo, yaani aliyebebwa mgongoni, alikuwa mtoto mchanga. Huyo ndiye baba yangu.

Mwenye munyu alikuwa mvulana wa miaka tisa, mtoto wa tatu wa jjajja. Alibeba kopo la chumvi, na chumvi wakati ule ilikuwa mali, maana bila hiyo mihogo ya porini hailiki siku nyingi. Jibu lake lilikuwa kuligonga kopo kwa ukucha, mara mbili. Mwezi wa tatu wa maficho alipata homa. Dawa haikuwapo. Alifariki mchana, wakamzika kabla ya giza kuingia, chini ya mti ambao jjajja alijaribu kuutafuta baada ya vita asiuone.

Usiku ule walitembea tena. Jjajja akahesabu. Alipofika mstari wa sita hakuweza kuuruka, kwa sababu, alivyoniambia, "ningeuruka watoto wangesimama." Akauimba. Kopo sasa alikuwa amelibeba yeye mwenyewe. Akaligonga mara mbili, msafara ukaendelea.

Wimbo kama ushahidi

Nilipouwasilisha wimbo huu darasani, mwenzangu mmoja aliuliza kama ni shairi. Hauna vina, mizani yake haifuati hesabu ya tenzi, na baadhi ya mistari ni mifupi kuliko mingine. Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba utaratibu wake unatokana na safari. Mpangilio wa mistari ni mpangilio wa watu njiani. Mistari mirefu imewaendea wale waliohitaji kuonywa, na mifupi wale waliohitaji kutulizwa. Anayeubadilisha mpangilio anampoteza mtu.

Swali zito zaidi ni la ukweli. Nilimtembelea shangazi mkubwa, mwenye moto, nikamwomba auimbe wimbo uleule bila kumwambia jjajja aliimbaje. Matini yake inatofautiana na ya jjajja katika mambo mawili. Kwanza, anasema mbuzi alishikwa na baba mkubwa, na kwamba mtoto wa jirani alibeba panga. Pili, katika kuimba kwake mstari wa munyu haupo, na hesabu yake inaishia sita. Nilimuuliza kwa upole. Alinyamaza, halafu akasema, "Mimi nilikuwa mbele. Nilikuwa nikisikia lile kopo likigongwa, nikajua si yeye. Sikutaka kuusikia tena."

Jan Vansina, aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda na kutufundisha kuyachukulia masimulizi ya mdomo kama vyanzo vya historia, alisisitiza kwamba masimulizi yanabeba yaliyopita na ya sasa kwa pamoja. Matini hizi mbili ni mfano wake. Kuhusu mbuzi siwezi kuamua, na katika insha hii sihitaji kuamua. Kuhusu munyu, tofauti yenyewe ni ushahidi. Mama alihitaji mstari ule ili msafara usisimame na ili mwanawe asipotee. Binti alihitaji kuufuta ili aweze kulala usingizi. Tukio ni moja, mvulana ni mmoja, na matini zote mbili zinasema kweli kuhusu walioziimba.

Wimbo huu una mipaka yake. Hautaji jeshi lolote, hautaji tarehe, hautaji kijiji. Hauwezi kutuambia nani alishinda wala watu wangapi walikufa Luweero. Lakini unatuambia mambo ambayo sijayakuta katika vitabu vya vita nilivyosoma: kwamba moto ulibebwa na haukuwashwa, kwamba chumvi ilikabidhiwa kwa mtoto makini, kwamba mwanamke asiye na cheo chochote katika ukoo aliuongoza ukoo huo gizani akiwa nyuma. Tena unaihesabu familia kwa namna nyingine kabisa. Mtoto wa jirani, asiye wa Nkima wala wa Ffumbe, amehesabiwa. Mkwe amehesabiwa. Aliyekufa amehesabiwa. Katika okulanya, kati ya hao wote, ni baba yangu peke yake ninayemtaja ninapopanda, naye ndiye asiyekumbuka hata usiku mmoja wa safari ile.

Swali la lugha

Nilipomwambia jjajja kwamba nataka kuuandika wimbo wake kwa Kiswahili, aliacha kumenya. "Kwa lugha ile?" aliuliza.

Wenzangu kutoka Bujumbura, Goma au Mombasa huenda wasielewe uzito wa swali hilo. Buganda haikupatana na Kiswahili tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, gavana wa Uganda alipotaka lugha hii ipewe nafasi kubwa zaidi, Kabaka Daudi Chwa aliandika kuipinga. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa, na kutangazwa huko kukazidi kuifanya ionekane lugha ya kambi za jeshi. Katika miaka ya 1980 watu wa Kampala walizoea misako ambayo hadi leo, hata katika Luganda, inaitwa panda gari, kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyoamrishwa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini amri za serikali haziondoi sauti masikioni mwa mtu. Maneno ya kwanza ya Kiswahili ambayo jjajja aliyajua ni "panda gari" na "lala chini". Hakuyajifunza darasani.

Sikuwa na jibu la kumpa. Ningeweza kumwambia kwamba Mwana Kupona alimbembeleza binti yake kwa lugha hiihii zaidi ya miaka mia kabla ya hizo amri, lakini hoja ya kitabuni haimjibu mtu aliyelala vichakani. Niliiacha kazi kwa miezi miwili.

Kilichonirudisha ni neno moja. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika "mwenye chumvi", kwa kuwa ndivyo tunavyosema kila siku. Jjajja huimba omunnyo. Nikipekua kamusi ya Kiswahili nilikuta neno munyu, lenye maana hiyohiyo ya chumvi. Nikayatazama mengine: mkeka kwetu ni omukeeka, mbuzi ni embuzi, mgongo ni omugongo. Niliandika upya, nikarudi kijijini, nikamwomba aniruhusu nimsomee mara moja tu, na asipopenda nitaichana karatasi mbele yake.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika mstari wa sita alinyoosha mkono kunisimamisha. "Rudia hapo." Nikarudia: mwenye munyu, uko wapi? Alikuwa na kikombe cha bati mkononi. Aliking'onga kwa ukucha, mara mbili, akaniashiria niendelee.

Baadaye alitoa masharti mawili. Wimbo uandikwe kwanza kwa Luganda katika daftari la nyumbani, na Kiswahili kifuate chini yake. Na matini ya shangazi iandikwe pia, ile inayoishia sita, "maana naye alikuwepo." Nimeyatimiza yote mawili. Daftari liko kwake, ndani ya kasha moja na kanga zake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba okulanya, Utendi wa Mwana Kupona na wimbo wa jjajja ni vyombo vitatu vya kumbukumbu, kila kimoja kikiwa na kazi yake. Cha kwanza hulinda ndoa, ardhi na urithi, hivyo hukumbuka akina baba. Cha pili kilimlinda binti mmoja yatima, hivyo kinamkumbuka mume mwema na kuviacha vita. Cha tatu kiliwalinda watu saba gizani, hivyo kinakumbuka mizigo yao. Atakayekilaumu kimoja kwa kukosa kilichomo katika kingine atakuwa hajakielewa. Lakini atakayetumia kimoja tu kuandika historia ya familia au ya nchi, ataandika historia yenye watu wachache kuliko waliokuwepo.

Kwa wanafunzi wenzangu nina pendekezo moja. Tunapokwenda likizo, tusiwaulize wazee wetu mashairi tu, maana wengi watajibu kwamba hawana. Tuwaulize walikuwa wakiimba nini walipokuwa wakihesabu, wakitwanga, wakibembeleza, wakikimbia. Halafu tuwaulize ni usiku gani walipouhitaji wimbo huo.

Mimi nitaendelea kulanya kama nilivyofundishwa. Siku moja nami nitaolewa katika ukoo mwingine, na wajukuu wangu watapanda hadi paani bila kunitaja. Sina kinyongo, ngazi ina kazi yake. Ila tangu mwaka juzi, kila nikimaliza kulitaja jina la Mugema na wazee wakaanza kupiga makofi, mimi huendelea kimoyomoyo kuanzia mwenye moto, na sisimami mpaka niwapate wote wanane.